Barua kwa vijana wangu mnaobishana kuhusu ugaidi wa Uarabuni

Vijana wangu, salaam. Nawasikia kila siku, huyu anasema Waarabu wamezaliwa na ugaidi, yule anajibu eti yote ni njama za Marekani, na mimi mzee wenu naona wote mmesahau kitu kimoja, jela za madikteta wa huko.

Angalieni Misri. Sayyid Qutb, mwandishi wa siasa kali za Kiislamu, alikaa jela ya rais Nasser miaka mingi, akaandikia humohumo, mwaka 1966 wakamnyonga, maandishi yake yakasambaa kuliko alipokuwa hai. Akaja rais Sadat, akauawa kwa risasi 1981, watu wakazolewa kwa mamia, mmoja wao daktari kijana Ayman al-Zawahiri, wakateswa sana na siku ya kesi akawapigia kelele waandishi wa habari akiwa ndani ya kizimba cha vyuma akiwaeleza waliyofanyiwa. Alitoka 1984. Agosti 7, 1998 yeye na Osama bin Laden ndo wakubwa wa mtandao wa al-Qaeda uliolipua balozi za Marekani Nairobi na Dar, Nairobi peke yake walikufa zaidi ya 200, wengi wapita njia na wafanyakazi wa ofisini ambao jela ya Cairo hata hawaijui ilipo. Sasa hao walimkosea nini? Kuteswa hakumpi mtu ruhusa ya kuua mtoto wa mwenzie, hilo sitaki ubishi.

Algeria nayo, Desemba 1991 chama cha Kiislamu cha FIS kinaongoza raundi ya kwanza ya uchaguzi wa bunge, Januari jeshi likafuta uchaguzi, wafuasi wakapelekwa makambi ya Sahara. Wale waliokuwa wanasema kura ni upuuzi, chukueni bunduki, wakapata ushahidi wa bure kabisa. Vita ya miaka kumi, vijiji vizima vikachinjwa.

Ila msinielewe vibaya, maelfu waliteswa jela hizohizo wakatoka wakarudi kwenye shughuli zao. Na Tunisia ilimng'oa dikteta wake 2011 lakini vijana kibao bado walikimbilia Syria kupigana. Kwahiyo udikteta sio sababu pekee, kuna vita ya Afghanistan, kuna Marekani kuivamia Iraq 2003, kuna pesa za matajiri.

Ninachowaomba ni hiki, rais yeyote akiwaambia bila mimi magaidi watawamaliza, muulizeni wapinzani wake wako wapi. Misri 2018 jenerali mstaafu Sami Anan alitangaza kugombea, siku chache tu akakamatwa, na rais Abdel Fattah al-Sisi akapata asilimia 97 ya kura.