Barua ya malalamiko: heda mliyoniuzia kwa Datsun 1600 SSS

Nairobi,
Juni 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: HEDA YA INJINI YA L16 ISIYOFAA KWA KAZI NILIYOWAELEZA KABLA YA KUINUNUA

Bwana au Bi Meneja,

Naomba mnirudishie shilingi 48,000 nilizolipa dukani kwenu kwa heda, yaani seti ya mabomba ya kutolea moshi kwenye injini, ya Datsun 1600 SSS, pamoja na gharama za fundi na gasketi zilizoharibika kwa sababu yake. Heda hiyo haifai. Imefungwa na fundi mwenye uzoefu wa miaka mingi na injini hizi, imetembea barabarani, kisha tukaifungua na kuipima. Picha na vipimo vyote nimeviambatisha.

Kwanza nataka mfahamu nilichowauliza kabla ya kutoa pesa, maana hapo ndipo lawama zangu zote zinapoanzia. Niliwaandikia barua pepe kwamba gari langu ni la 1971, lina usukani wa kulia, injini yake ni ileile ya L16 ya sentimita za ujazo 1,595, na kabureta zake mbili za Hitachi ni zile lililotoka nazo kiwandani. Nikaeleza kwamba ni gari la barabarani. Linakwenda kazini, linakaa kwenye foleni ya Waiyaki Way kama magari mengine, na wikendi linateremka Naivasha. Halishindani popote. Nikauliza mambo matatu: kipenyo cha mabomba, silinda zipi zimeunganishwa pamoja, na unene wa flanji, yaani bamba la chuma linalobanwa kwenye injini. Jibu mlilonipa ni mstari mmoja tu, kwamba heda hii ni ya SSS na itaingia bila shida yoyote. Hakuna swali hata moja kati ya yale matatu lililojibiwa. Nilipofika dukani kulipa nikauliza tena, na aliyenihudumia akanihakikishia kwamba mafundi wenu wameipima. Nikaamini, kwa kuwa ninyi ndio mnaojitangaza kuwa wataalamu wa magari ya kale.

Nianze na flanji. Injini ya L16 ina tabia moja ambayo kila aliyewahi kuifungua anaijua: hewa inaingilia na moshi unatokea upande uleule wa silinda hedi, kichwa cha injini. Menifoldi ya hewa, yaani mabomba ya kuingizia hewa, iko juu, ya kutolea moshi iko chini, na zote mbili zinatumia gasketi moja. Kuna bolti ambazo washa zake nene zinakanyaga menifoldi zote mbili kwa pamoja, nusu huku na nusu kule. Kwa hiyo unene wa flanji hizo mbili ni lazima ulingane. Ukipishana, washa inalala upande, inabana menifoldi moja na kuiacha nyingine ikicheza. Flanji ya menifoldi yangu ya hewa ina milimita 12. Ya heda yenu ina milimita 8. Tofauti ya milimita 4 kwenye injini hii haifichiki: siku ileile ya kwanza moshi ulianza kupenya kwenye silinda ya mwisho, injini ikawa inatoa mlio wa tiki-tiki ikiwa baridi, na ukiachia mafuta kwenye mteremko unasikia milipuko ndani ya bomba kwa sababu hewa ya nje inavutwa kupitia upenyo huo.

Fundi wangu alilazimika kukerezewa washa maalumu zenye ngazi, Kariobangi, ili kufidia tofauti hiyo. Zikasaidia kwa muda, kisha gasketi ikaungua. Na flanji yenyewe ilikuwa imepinda kutokana na joto la kuchomelea. Ukiweka rula ya chuma juu yake unaona mwanga katikati. Flanji inayotoka kwa mchomeleaji husawazishwa kwenye mashine kabla ya kuuzwa. Hii yenu haikusawazishwa.

Pamoja na hayo, flanji ningeweza kuivumilia na kuirekebisha. Kisichorekebishika ni jinsi mabomba yalivyounganishwa.

Kwenye karatasi ya bidhaa mmeandika kwamba heda ni ya mtindo wa 4-2-1, yaani mabomba manne yanakuwa mawili, kisha mawili yanakuwa moja. Nilifurahi kuisoma hiyo, kwa sababu kwa gari la barabarani lenye silinda nne huo ndio mtindo ninaoupendelea. Heda ya 4-1, ambayo mabomba yote manne yanakutana mahali pamoja, huwa inatoa faida yake injini inapozunguka kwa kasi sana, huko ambako gari la kwenda kazini halifiki. Ile ya 4-2-1 inasaidia katikati, pale ambapo dereva anaishi kila siku. Lakini sharti mabomba yaunganishwe kwa mpangilio sahihi. L16 inawaka kwa mfuatano wa 1-3-4-2. Silinda ya 1 na ya 4 zinapishana kwa mzunguko mmoja mzima wa krenki, mhimili mkuu wa injini, na vilevile ya 2 na ya 3. Hizo ndizo jozi: 1 na 4, 2 na 3. Moshi wa mmoja ukipita, mwenzake bado yuko mbali, na bomba linapata nafasi ya kuvuta.

Ninyi mmeunganisha 1 na 2, kisha 3 na 4. Huenda aliyetengeneza aliona mabomba ya jirani ni rahisi kuyakutanisha. Matokeo yake ni haya: silinda ya 1 inawaka mara tu baada ya 2, nusu mzunguko. Wakati 2 inamalizia kutoa moshi wake na vali yake ya hewa inaanza kufunguka, ndipo 1 inapofungua vali ya moshi na kusukuma shinikizo lake lote kwenye bomba lilelile. Shinikizo hilo linarudi ndani ya 2 na kuchafua hewa mpya inayoingia. Silinda ya 3 inafanyiwa hivyohivyo na 4. Tuligundua jambo hili kwenye plagi hata kabla ya kufuatilia mabomba. Injini ilikuwa inapiga misi kwenye mizunguko ya chini, na tulipozitoa plagi, ya 1 na ya 4 zilikuwa na rangi ya kahawia inayotakiwa, huku ya 2 na ya 3 zimejaa masizi. Kabureta zote mbili zilikuwa zimesawazishwa vizuri. Tuliporudisha menifoldi ya zamani, plagi zote nne zilirudi kufanana.

Kipenyo nacho hakifai. Mabomba yenu yana milimita 44. Injini ya lita 1.6 yenye kemu (shafti ya kufungulia vali) ya kiwandani haina moshi wa kujaza bomba pana kiasi hicho. Milimita 38 zinatosha kabisa. Bomba likiwa pana kupita kiasi, mwendo wa moshi unapungua na ule mvuto unaotakiwa kusafisha silinda unapotea. Mtu anayeishi pwani pengine angeona kasoro hii kwa kiasi kidogo, ila sisi Nairobi tuko juu ya mita 1,600, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko Mombasa. Injini tayari imepungukiwa. Ukiiondolea na nguvu ya mizunguko ya chini, kupanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru kunakuwa adhabu: gari lililokuwa linapanda kwa gia ya tatu sasa linataka ya pili, na lori nyuma yako linapiga honi.

Kuhusu joto nitasema kwa ufupi. Kwa kuwa kabureta ziko juu ya heda moja kwa moja, kiwanda kiliweka bati la kuzuia joto katikati. Heda yenu haina mahali popote pa kufungia bati hilo. Kwenye foleni petroli inachemka ndani ya kabureta, gari linazima, na kuliwasha tena inakuwa kazi. Na pale mabomba yanapokutana chini, pameshuka kiasi kwamba panagonga matuta. Sijui mtu anawezaje kuuza kitu kama hicho katika jiji hili.

Nilipotaka kuwarudishia heda, niliambiwa na msimamizi wa duka kwamba heda zote za magari ya kale zinahitaji fundi wa kuzirekebisha kidogo, na kwamba bidhaa ikishafungwa hairudishwi. Sikubaliani na yote mawili. Kurekebisha kidogo ni kupanua tundu la bolti au kusogeza waya wa stata. Kukata mabomba yote manne na kuyaunganisha upya ni kutengeneza heda nyingine. Na hakuna namna ya kujua kama heda inaziba vizuri bila kuifunga.

Jambo jingine lililonisikitisha ni tangazo lenu. Mmeandika kwamba heda hii ina damu ya ushindi wa Safari Rally, na juu yake mkaweka picha. Gari lililo kwenye picha ni Datsun 240Z, yenye silinda sita, aina iliyoshinda Safari ya 1971. Safari ya 1970 ndiyo iliyochukuliwa na 1600 SSS, ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller. Kwa sisi tunaoyatunza magari haya, ushindi ule si pambo la kuuzia bidhaa. Ni sababu ya magari haya kuwepo hapa Kenya mpaka leo, na ya watu kuyasafisha usiku kucha kabla ya kuyapeleka Concours d'Elegance kule uwanja wa farasi wa Ngong Road. Anayetumia jina la ushindi huo anapaswa angalau kujua injini anayoitengenezea heda ina silinda ngapi na inawaka kwa mfuatano gani.

Na kusema kweli, menifoldi ya kiwandani ya SSS, ile ya chuma cha kusubu yenye matundu mawili ya kutokea, inashinda heda yenu kwa kila kipimo cha gari la barabarani. Haipigi kelele, haipindi, inaziba, na bati lake la joto linafungika. Nilitafuta heda kwa sababu menifoldi yangu ilikuwa na ufa. Sasa nimepata menifoldi nyingine nzuri iliyotumika, Barabara ya Kirinyaga, kwa bei ambayo haifiki nusu ya niliyowalipa ninyi.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema wazi kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, na akategemea ujuzi wa muuzaji, bidhaa hiyo lazima iifae kazi hiyo. Niliwaeleza kazi hiyo kwa maandishi. Ibara ya 46 ya Katiba inanipa pia haki ya bidhaa yenye ubora na haki ya kupewa taarifa ninazohitaji ili niifaidi. Taarifa hizo niliziomba, nikanyimwa.

Ninachodai ni shilingi 48,000 za heda, shilingi 9,500 za kukereza washa, gasketi na kazi ya fundi, ambazo risiti zake zimo humu, na mrekebishe karatasi ya bidhaa hii: muandike kipenyo, unene wa flanji na jozi za silinda, na muondoe maneno kwamba inafaa SSS ya barabarani mpaka iwe inafaa kweli. Hilo la mwisho nalitaka kwa uzito uleule wa pesa, kwa sababu najua wenye 1600 wengine wawili waliokuwa wanangoja kusikia kutoka kwangu kabla ya kuagiza.

Heda iko kwangu, imesafishwa na kufungwa kwenye boksi lake. Mnaweza kutuma mtu aichukue siku yoyote ya kazi. Nikiwa sijapata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitawasilisha madai katika Mahakama ya Madai Madogo, pamoja na heda yenyewe, barua pepe zetu na zile plagi nne.

Wako mwaminifu,

Mwenye Datsun 1600 SSS