Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula na Nishati ya Kupikia Shuleni

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Muhula umekwisha salama na wanafunzi wanarudi nyumbani wakiwa wazima. Ripoti ya mwanao imeambatanishwa na barua hii. Isome mkiwa wote wawili, wewe na mwanao, na msiishie kwenye nafasi aliyoshika darasani; maoni ya walimu wa masomo yana uzito zaidi. Tarehe ya kufungua shule na maelezo ya ada yako nyuma ya ripoti.

Ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni jiko. Wazazi kadhaa wamepiga simu kuuliza kwa nini kuni zimeondolewa kwenye fomu ya mahitaji na mahali pake umewekwa mchango wa gesi. Swali ni la haki, hasa kwa aliye na shamba la miti na ambaye kuni kwake hazina bei.

Serikali ilikwisha kupiga marufuku kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia nao unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Lakini hata pasipo agizo, hali ilikuwa imeshatuchosha. Kila mwaka lori la kuni lilikwenda mbali zaidi kuliko mwaka uliotangulia, na kilichorudi kilikuwa vijiti na mizizi. Wapishi wetu huamka alfajiri kukoroga uji. Wanaowafahamu wanajua yale macho mekundu na kile kikohozi. Dari la jiko la zamani limeshika masizi mazito ambayo hata chokaa haiyafichi.

Mzazi mmoja alinibana kwenye kikao: gesi si inatoa hewa ukaa pia? Inatoa, kwani gesi ya mitungi hutokana na mafuta ya petroli na gesi ya ardhini. Tofauti ni kwamba moto wa mafiga hupoteza sehemu kubwa ya joto lake pembeni, na mti ukikatwa bila mwingine kukua mahali pake, hewa ukaa yake inabaki angani. Mkaa, ambao baadhi yenu mlipendekeza, ni mbaya zaidi: tanuri la kienyeji hula kilo 5 hadi 10 za kuni ili kutoa kilo moja ya mkaa, kabla hata kibiriti hakijawashwa jikoni.

Gesi ina adabu zake, la sivyo fedha huyeyuka. Maharage ya makande sasa yanalowekwa tangu jioni, sufuria zinafunikwa, na yakishachemka moto unapunguzwa. Wanafunzi wa klabu ya mazingira hupima mitungi kwa mizani kila Ijumaa na kuandika matumizi kwenye ubao wa bwalo. Mwanzoni walimu tuliona ni mchezo wa watoto. Siku hizi mpishi mkuu ndiye anayewafuata madarasani wakichelewa. (Kuhusu malalamiko kwamba makande ya gesi hayana ladha: nimeonja, nadhani kilichopungua ni moshi tu.)

Umeme ni habari nyingine. Sehemu kubwa ya umeme wa gridi yetu sasa inatokana na maji, hasa baada ya Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, kwa hiyo taa na kompyuta si mchafuzi mkubwa kama jiko. Tatizo letu hapo ni LUKU, yaani gharama ya umeme wa kulipia kabla. Taa za tyubu zinabadilishwa kuwa za LED kila inapoungua moja, wala hatuna haraka.

Lakini koili za kuchemshia maji zinatumaliza. Matroni na patroni huzikuta chini ya magodoro na ndani ya ndoo za kufulia. Koili ya wati 1,500 ikiwaka saa moja hula uniti moja na nusu, ambayo ingewasha taa ya LED ya wati 9 kwa zaidi ya saa 160. Na hilo ni kabla hatujazungumzia bweni kushika moto. Koili itakayokamatwa muhula ujao haitarudishwa mpaka mzazi aje mwenyewe ofisini.

Upandaji miti utaendelea, ingawa sitautangaza sana. Picha za siku ya kupanda huwa nzuri. Mimi nitahesabu ile itakayosimama baada ya kiangazi. Tukiendelea kuchoma msitu jikoni, miche ya uwanjani haifidii chochote.

Ninawaomba mambo mawili. Kwanza, mchango wa gesi ulipwe kwenye akaunti ya shule na risiti ya benki ije na mwanafunzi; fedha taslimu hazitapokelewa getini. Asiyeweza kulipa kwa mkupuo aje kabla ya shule kufunguliwa tupange awamu. Pili, mzazi mwenye ufundi wa bomba za gesi au wa majiko, tafadhali aandike jina lake kwenye kipande kilicho chini ya barua hii. Kamati ya chakula inahitaji mtu wa kukagua mipira na vali kila mwezi, na mpaka sasa hatujampata.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule