Mheshimiwa Waziri, joho nalo lielezwe

Mheshimiwa Waziri unayesimamia mambo ya kale,

Assalaam aleikum. Mimi ni mshonaji wa kofia za viua, mkaazi wa Ng'ambo. Mwezi uliopita niliwapeleka wajukuu zangu kutazama picha za wafalme wa Zanzibar katika jumba moja la kumbukumbu. Chini ya kila picha pana jina na miaka ya kutawala, basi. Mjukuu wangu wa kike akaniuliza: "Babu, huyu kavaa joho juu ya kanzu na joto lote hili, kwa nini?"

Suala hilo lilinipendeza kuliko maandishi yote ya pale.

Joho lile ni nguo ya mtu asiyefanya kazi ya mikono, Mheshimiwa. Aliyelivaa, akapiga kilemba cha Kibusaidi, yaani cha ukoo wa wafalme wetu, na jambia la fedha kiunoni, hapandi mkarafuu, na kila amwonaye anajua. Seyyid Barghash alipokwenda London mwaka 1875 alipigwa picha na joho lake na kilemba chake. Hakuazima koti la wenyeji. Sasa mtazame Seyyid Khalifa bin Haroub, aliyetawala 1911 hadi 1960. Joho ni lile lile, ila kifuani zimepangwa nishani za Uingereza, iliyotuweka chini ya himaya yake tangu 1890. Mimi fundi naona mikono miwili katika vazi moja: joho linasema huyu ni mfalme, nishani zinasema kwa idhini ya nani.

Na ambaye hakupigwa picha? Mtumwa alivaa merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, au kaniki, kitambaa cheusi, kichwa wazi, miguu mitupu. Kofia na viatu vilikuwa vya waungwana. Ilipotoka amri ya 1897 ya kuondoa utumwa, walioachwa huru walizikimbilia kanzu na kofia, na wanawake kanga. Kofia ninayomshonea bwana harusi leo, pengine babu wa babu yake alikatazwa kuivaa. (Hili wateja wangu wengi hawalijui, nami huwa nasita kuwaambia siku ya furaha.)

Naomba kila picha iandikiwe majina ya mavazi na maana yake, na pembeni utundikwe upande wa merikani. Wazee wanaojua kila darizi kwa jina bado tunao, ingawa baadhi yao hawawezi tena kushuka ngazi. Wafuatwe majumbani. Mimi mwenyewe nipo barazani kila siku baada ya alasiri.

Wako mtiifu,
Mshona kofia wa Ng'ambo, Unguja