Simu Ndani ya Helmeti: Barua ya Wazi kwa Vijana wa Bodaboda wa Msamvu

Marahaba, wanangu. Nimetangulia kuitikia kwa sababu najua mngeniamkia.

Nimeendesha mabasi ya Dar hadi Mbeya tangu ujanani mpaka nilipostaafu, kwa hiyo siwasemi kama mtu wa pembeni. Elimu iliyomo humu ni ya binti yangu, anayefundisha saikolojia chuoni. Mimi nimeilinganisha tu na barabara ninayoijua, nikaona inakaa.

Kila siku naona jambo hilihili hapa stendi. Kijana amepakia abiria, amekolea mwendo, simu ameibana kati ya sikio na helmeti. Mteja mwingine anamwelekeza: "Ukipita zahanati kata kushoto, si ile ya kwanza, ya pili. Kuna duka la Mangi limefungwa. Hapo tafuta geti la bluu." Kijana anaitikia "sawa bosi, sawa bosi." Mikono yote miwili iko kwenye usukani, uso umeelekea mbele. Ukimgombeza anakujibu, "Mzee, si naona njia?"

Hapo ndipo tunapokosana.

Mwaka 2001, David Strayer na mwenzake William Johnston wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, waliwakalisha watu mbele ya skrini wafuatishe njia, na taa nyekundu ikiwaka wabonyeze breki. Walipokuwa wakiongea na simu, taa zilizowapita bila kuziona zilikuwa zaidi ya mara mbili ya kawaida. Hata zile walizoziona, walichelewa kuzibonyezea. Aliyeshika simu mkononi na aliyeongea bila kuishika walikosea vilevile. Redio, ajabu, haikuwaharibia. Kwa hiyo wanaosema wakivaa visikilizi masikioni wako salama, wanajidanganya. Mkono haukuwa tatizo tangu mwanzo.

Miaka miwili baadaye Strayer na wenzake walifuatilia mboni za macho za madereva kwa kifaa maalumu. Jicho lilitua sawasawa kabisa kwenye bango la kando ya njia, lakini walioongea na simu walipoulizwa baadaye, mabango mengi hawakuyatambua. Jicho lilifika, akili ilikuwa kwa mteja.

Sababu ni kwamba sehemu ya akili inayoshikilia mambo ya papo hapo ni kama meza ndogo ya mama ntilie. Mwanasaikolojia George Miller, mwaka 1956, alikadiria inabeba vitu saba hivi. Mwanasaikolojia mwingine, Nelson Cowan, mwaka 2001, akashusha hadi vinne. Sasa hesabu maelekezo ya yule mteja: zahanati, kona ya pili kushoto, duka lililofungwa, geti la bluu. Meza imejaa. Mtoto anayekimbilia mpira barabarani atakaa wapi?

Mtaniuliza, mbona abiria wa nyuma tunapiga naye soga na hatuanguki? Swali zuri. Abiria anaiona njia mnayoiona. Lori likichomoza hunyamaza mwenyewe, au anakufinya bega. Wa kwenye simu yuko kwake sebuleni, hajui kama uko kwenye tuta au katikati ya malori mawili, na ukinyamaza kidogo anauliza, "Haloo, upo?"

Jambo hili linawageukia ninyi pia. Dereva anayetoka barabara ya pembeni anakutazama usoni, kisha anakuingilia, halafu anaapa hakukuona. Mara nyingi hasemi uongo. Alikuwa anatafuta gari. Watafiti Steven Most na Robert Astur walionyesha mwaka 2007, kwa udereva wa kwenye kompyuta, kwamba mtu anayetafuta mishale ya kumwelekeza njia yenye rangi fulani huigonga zaidi pikipiki ya rangi nyingine inayomkatiza ghafla. Kwa hiyo msiamini macho ya dereva, angalieni matairi yake ya mbele. Yakianza kuzunguka, wewe punguza mwendo, haki ya njia tutaidai baadaye.

Kuhusu simu, ombi langu ni hili: ikiita, egesha. Sikiliza maelekezo yote, mrudishie mteja kwa mdomo wako, simu mfukoni, ndipo uondoke. Ukisahau geti lilikuwa la rangi gani, egesha tena umpigie.

Najua kilio chenu. Simu isipopokelewa, mteja anampigia mwingine, na hesabu ya bosi haisubiri. Ndiyo maana sisemi na mmoja mmoja. Kijiwe kizima kikikubaliana, hakuna atakayenyang'anywa mteja na jirani yake kwa kuwa mwangalifu. Mwenyekiti, liweke kwenye kikao, faini mpange wenyewe. Mimi nimeshaanza: kijana akipokea simu nikiwa nimepanda, nashuka na nauli yake namlipa. Wajukuu wangu nao nimewaagiza wafanye hivyohivyo.

Mzee wenu,
dereva mstaafu, Morogoro