Kaka, picha hazijapauka

Kaka shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yangu, wifi na watoto nawasalimia sana. Mimi huku Uingereza mzima, winta ndo hiyo imetukalia shingoni lakini tumeshaizoea, wiki nzima nilikuwa shifti za usiku kule kwenye nyumba ya kutunzia wazee ninapofanya kazi, ndo maana simu zenu zilikuwa zinaita tu, mchana nalala, msinifikirie vibaya. Mama aliuliza kama nakula. Nakula mama, mpaka nguo zinabana.

Sasa kaka, ile voisi yako kuhusu zile picha za ndege nilizochora kwa rangi za maji nikazitupia kwenye grupu la familia nimeisikiliza yote. Unasema zimepauka, unasema nusu karatasi iko tupu, unauliza rangi ziliniishia au nilikuwa na haraka ya kwenda wapi, na nyuma nawasikia watoto wanacheka eti shangazi kachora mzuka wa bata. Nimecheka na mimi. Ila nikaona hili silijibu kwa kuandika vimeseji nikiwa kwenye basi, acha nikae niandike vizuri, maana wewe ni mchoraji, ukipata maelezo utanielewa kuliko mtu yeyote hapo nyumbani.

Wewe umekulia kwa wachoraji wa Tingatinga, Morogoro Stores pale Oysterbay, Dar, rangi yako ni ile ya kopo, ya mafuta, aliyoanza nayo mzee Tingatinga mwaka 1968, rangi ya kupakia baiskeli kwenye hadibodi. Rangi ile inafunika. Ukitaka twiga unapaka kwanza bakgraundi yote, ikikauka unampandisha twiga juu yake, juu ya twiga unaweka madoa, na mwisho kabisa ndo unachovya kijiti kwenye nyeupe unadondosha nukta kwenye jicho, twiga anakuwa hai. Nyeupe kwako inakuja mwisho. Kwa rangi za maji nyeupe ndo inaanza, na haiko kwenye kopo, ni karatasi yenyewe. Rangi hizi ni unga wa rangi uliokorogwa na gundi ya mgunga, eeh, utomvu wa miti ya miiba, mwingi unatoka Sudan, kwa hiyo hata hawa Wazungu na vikasha vyao vya bei mbaya wanachorea mti wa kwetu Afrika. Ukiiyeyusha na maji mengi inakuwa nyepesi, mwanga unapita mpaka kwenye karatasi na kurudi. Huwezi kupaka rangi ya mwanga juu ya giza, haitaonekana. Unachotaka kiwe cheupe unakiacha, unakizunguka, unajizuia mkono. Na mimi huku nachora nini? Ndege weupe kwenye theluji. Sasa ulitaka nipake nini kaka?

Halafu nikwambie, hata huyo ndege mweupe si mweupe. Nawachora hawa bata maji wakubwa wa shingo ndefu, huku wanaitwa swani. Kaa umtazame mmoja wakati jua la winta limelala chini. Upande wa jua hugusi kitu, karatasi inatosha. Ila tumboni na chini ya bawa kuna bluu yenye zambarau kidogo, na akisimama kwenye majani tumbo linaokota ukijani kutoka chini. Kichwani na shingoni ana kutu ya udongo maana anachomeka kichwa matopeni siku nzima anatafuta mizizi. Siku ya mawingu ndo kichekesho, theluji inakuwa nyeupe kumshinda, yeye anaonekana kijivu kijivu tu. Hiyo kijivu situmii nyeusi hata kidogo. Nachukua bluu ya altramarini na ule udongo mwekundu uliochomwa, zinakutana kwenye maji, bluu ikizidi kivuli kinakuwa cha baridi, udongo ukizidi kinapata joto, na chembe za rangi zenyewe zinatuama kwenye vishimo vya karatasi, wala hujazipangia. Kwa hiyo ile picha unayosema nimeiacha njiani, nilipaka kivuli tu, ndege umemmalizia wewe kwa jicho lako. Ulijuaje kuwa ni bata?

Hao swani nawafuata Slimbridge, kijiji kando ya mto Severn, si mbali na hapa Gloucester. Dada mmoja Mzimbabwe ninayefanya naye kazi ana gari na anapenda kamera, tukipata ofu pamoja tunaondoka alfajiri na chai yetu. Pale kuna hifadhi ya ndege wa majini aliyoianzisha Peter Scott mwaka 1946, na huyu bwana kabla ya yote alikuwa mchoraji. Ni miongoni mwa walioanzisha WWF, lile shirika la kuhifadhi wanyamapori, mwaka 1961, ile panda ya kwenye nembo ya kwanza aliichora yeye. Kila winta wanashuka pale swani wadogo kutoka Urusi kaskazini kabisa kule kwenye barafu, wanasafiri zaidi ya kilomita 3,000, wanafika mwezi wa kumi na kumi na moja, wa pili wa tatu wanarudi. Wanaitwa swani wa Bewick, na Bewick alikuwa mchonga picha za ndege kwenye mbao, wa zamani sana. Huku mchoraji akifa anapewa ndege, nyie hapo Oysterbay sijui mtapewa nini, kunguru labda.

Sasa sikiliza hii maana ndo iliyonifanya nianze kuchora kwa akili. Scott nyumba yake ilikuwa na dirisha kubwa linatazama bwawa. Mwaka 1964 akawa anawatazama wale swani akagundua midomo yao haifanani. Mdomo ni mweusi na manjano, lakini mpaka wa manjano na nyeusi kwa kila ndege uko kivyake. Akaanza kuwachora mmoja mmoja, kwa upande na kwa mbele, anampa kila mmoja jina. Kazi hiyo haijakatika mpaka leo, wameshawatambua maelfu, wanajua nani yuko na nani, nani karudi na watoto, nani hakurudi. Kwa michoro kaka! Si kwa kompyuta. Na wanaokuja sasa ni wachache kuliko zamani, idadi yao imeshuka, halafu winta zikiwa za joto wengine wanaishia Uholanzi na Ujerumani, hawaoni sababu ya kuvuka bahari.

Mimi kwa maoni yangu, na mashabiki wake wanisamehe, zile picha zake kubwa za mafuta, mabata bukini wanaruka jua linazama, ni nzuri lakini ukiziona nyingi zinachosha. Ila vile vimichoro vya midomo kwenye daftari, mistari michache, hana habari na kumfurahisha mtu, pale ndo naona mchoraji. Kwa hiyo na mimi nikaacha kuchora "swani". Nachora yule pale. Kuna mmoja manjano yake upande wa kushoto imeshuka mpaka karibu na pua kama uji uliomwagika, upande wa kulia imekatwa wima kabisa. Nikimchora nakaa kwenye kibanda cha kutazamia, kina kidirisha chembamba, upepo unaingia wote, namsubiri ageuke. Akilala anaweka mdomo mgongoni, hapo basi, namchora mgongo. Watoto wao wa mwaka huo ni wa kijivu na midomo ina pinki, wanakaa katikati ya baba na mama, wakifukuzwa na wengine wazazi wanakuja juu, ugomvi wa mabawa na kelele, penseli yenyewe haijui ikimbilie wapi.

Unauliza rangi haigandi? Inaganda. Asubuhi ya chini ya sifuri maji kwenye kikopo yanaota ukoko juu, na ukipaka rangi karatasini inaganda kabla ya kukauka, barafu inajichora matawi matawi ndani ya rangi, yanasukuma chembe pembeni. Wengine wanaipenda hiyo, wanaiacha kwa makusudi. Shida ukiingia ndani ikiyeyuka inaweza kukimbia yote. Kuna wanaotia vodka kwenye maji ya brashi ili yasigande, kweli wanafanya, tena mzee mmoja pale alinikaribisha kichupa chake kwa moyo mweupe, nikamwambia asante, mama akisikia nanunua vodka ya kuchorea hatauliza ni ya nini. Mimi nina chupa ya chai yenye maji ya moto, yakipoa naongeza. Na siku ambayo haigandi basi haikauki, hewa imejaa unyevu, unapaka anga unakaa nayo nusu saa ingali mbichi, ukigusa na rangi ya pili zinaingiliana. Wewe huko unasubiri rangi ya kopo ikauke na jua la Dar lipo linakusaidia. Mimi naingiza karatasi kwenye gari tunawasha hita.

Ndo maana siku nyingi nje natumia penseli tu. Hilo nimejifunza kwa mtu wa hapa jirani, Edward Wilson, daktari, mzaliwa wa Cheltenham mwaka 1872. Alikwenda Antaktika, lile bara la barafu la kusini kabisa, mara mbili na mvumbuzi Kapteni Scott, baba yake huyo huyo Peter. Kule nje alikuwa anavua glavu anachora kwa penseli haraka haraka, vidole vikifa ganzi anavirudisha ndani mpaka vipate uhai, anaandika juu ya mchoro hapa rangi gani, pale rangi gani, halafu akirudi kibandani anakaa kwenye taa anapaka rangi za maji kwa kufuata yale maandishi. Macho yalimuuma vibaya kwa mng'ao wa theluji maana huwezi kuona rangi ukiwa umevaa miwani myeusi. Yeye na Kapteni walikufa kwenye hema moja mwaka 1912 wakirudi kutoka ncha ya kusini, Peter alikuwa hajafika hata miaka mitatu, na baba kwenye barua yake ya mwisho alimwandikia mama mtu amfanye mtoto apende viumbe na mazingira. Sanamu ya Wilson iko Cheltenham mjini, na aliyeichonga ni huyo mama, mjane wa Kapteni. Nilisimama pale chini nikaisoma yote na mvua inaninyeshea.

Basi na daftari langu ukilifungua utakuta maandishi kuliko picha. "Tope zambarau." "Maji yanang'aa kuliko anga." "Mguu mweusi ila una unyevu, acha mstari mweupe." Nikitoka shifti asubuhi sipati usingizi, napaka mezani jikoni, na huku mwezi wa kumi na mbili saa kumi jioni giza linaanza kuingia, kwa hiyo mwanga wa kupakia rangi ni wa kugombania.

Lakini winta ina raha yake kwa mchoraji, nisiilaumu tu. Miti imevua majani yote, unaona mifupa yake, ndege hana pa kujificha. Na rangi zinapungua, ukiwa na tatu nne zinakutosha. Mbayuwayu ndo hawapo, wameshuka Afrika, wengine mnao hapo kwenye nyaya za umeme, wasalimieni.

Sasa cha maana. Kuna mtu anakuja Dar mwezi ujao, nimempa bahasha, ndani kuna kikasha kidogo cha rangi za maji, brashi mbili na karatasi za pamba gramu 300. Karatasi hizo si za homuweki ya watoto, ni ghali, ukiona nzito usidhani ni kadi ya harusi. Nenda Msasani maji yakiwa yamekupwa, asubuhi kabla jua halijawa kali, utakuta yangeyange kwenye matope. Mchore mmoja. Kwa penseli kwanza, halafu paka tope na kivuli tu, yeye muache. Nakujua wewe, utataka kwenda kuchukua kopo la nyeupe, kaka nakuomba kopo libaki kibandani. Kwa joto la huko rangi itakukaukia mkononi, kwa hiyo lowanisha karatasi kwanza kwa maji matupu, paka haraka, usirudierudie. Ikitoka imepauka nitumie hivyo hivyo.

Ada ya mkubwa nitaituma tarehe za mwisho, mwambie wifi asikope kwa mtu. Na mama asiache dawa ya presha eti kwa sababu anajisikia vizuri, namjua.

Mdogo wako,
Gloucester