Kabla hujatia saini

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Mimi mzima, na natumaini sauti yako imesharudi. Habari ya kutaka kuanzisha lebo yako ya mavazi imenifurahisha mno, ndiyo maana nakuandikia haraka: huo mkataba wa kutumia jina lako, usome neno kwa neno.

Mwangalie Sean Combs, yule rapa wa Marekani aitwaye Diddy. Alianzisha lebo ya nguo ya Sean John mwaka 1998, na 2004 ikampa tuzo ya wabunifu wa mitindo Marekani upande wa nguo za kiume. Mwaka 2016 akauza hisa nyingi. Walioinunua walipofilisika, 2021, ikambidi alipe dola milioni 7.5 kuirudisha lebo yenye jina lake. Rapa mwenzake Jay-Z aliuza haki za lebo yake ya nguo, Rocawear, mwaka 2007 kwa dola milioni 204. Simlaumu hata kidogo, maana alilipwa vizuri. Ninachoogopa ni wewe kuligawa jina bure kwa sababu umeona pesa ya kuanzia.

La pili ni nguo yenyewe. Mwimbaji Rihanna alifungua lebo ya Fenty, jina lake la ukoo, akiwa na LVMH, kampuni kubwa ya Ufaransa ya bidhaa za kifahari, mwaka 2019. Ilipofika 2021 nguo zile zikasimamishwa. Savage X Fenty, nguo za ndani alizoanza nazo 2018, bado ipo. Jina la mwimbaji ni lilelile. Kwa maoni yangu, tofauti iko kwenye bei ambayo shabiki anaimudu, na saizi zinazowaenea wembamba na wanene. Shabiki atanunua mara ya kwanza kwa mapenzi, ya pili atanunua kwa sababu nguo imemkaa.

Kwa hiyo usikubali fulana yenye picha yako tu. Ivute kola uone kama inarudi. Igeuze ndani nje, tazama mshono wa begani kama umefungwa au nyuzi zinaning'inia. Ifue mara kadhaa, kisha utazame kama chapa ya kifuani imeanza kupasuka. Wengi hawafanyi hivyo, na inaniuma, kwa sababu anayeumia ni yule aliyejinyima akanunua.

Ile sampuli ya koti uliyonitajia, ivae mazoezini, uimbe nayo nyimbo zote mikono ikiwa juu, uniambie inabana wapi kwapani. Mkataba nao nitumie nakala kabla hujatia saini. Mwanasheria ninayemwamini yupo, tutausoma pamoja.

Wako akupendaye,
Mwanaidi