Mwulizeni mwenyewe

Mhariri,

Karani wa utafiti wa nguvukazi alipopita kwetu Kibirizi, mume wa jirani yangu ndiye aliyejibu: "Huyu mama wa nyumbani tu." Mama mwenyewe alikuwa mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, anageuza dagaa, magamba hadi viwikoni.

Kwa kanuni za Shirika la Kazi Duniani (ILO) za 2013, anayelima chakula cha nyumbani tu hahesabiwi kuwa na ajira. Mwenye kuuza anahesabiwa. Sawa. Lakini swali la karani ni la kazi ya siku saba zilizopita, na mbalamwezi ikiwaka dagaa hawavuliwi! Mjane anayeishi kwa dagaa akiulizwa wiki hiyo atasema nini?

Waulizwe wanawake wenyewe, na takwimu za wajane, walioolewa na mabinti zitolewe kila kundi peke yake, zisichanganywe kwenye wastani mmoja wa mkoa.

Msomaji wako,
Kibirizi, Kigoma